Kabla Mshahara wa Mwisho Haujaingia

Mwaka 1978 Ina Garten, ambaye leo anajulikana kwa vitabu vya mapishi, alikuwa mtumishi wa ofisi ya bajeti katika Ikulu ya Marekani, akishughulikia masuala ya nishati ya nyuklia. Siku moja akaona gazetini tangazo la duka dogo la vyakula lililokuwa likiuzwa Westhampton Beach, jimbo la New York. Akaenda kuliangalia, akataja bei, mwenye duka akakubali, na Garten akaacha kazi ya serikali. Hadithi hii hupendwa mno na watu wanaohesabu siku za kuagana na ofisi, na wengi huikatisha hapo. Wanachokiruka ni kwamba kitabu chake cha kwanza cha mapishi kilitoka 1999, miaka 21 baadaye. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mwenye duka: anapika, anauza, analipa wafanyakazi. Duka ndilo lililomlisha mpaka alipoliuza 1996. Vitabu vilikuja baada ya tumbo kushiba.

Hamu hiyo ya kuiacha ofisi kwa ajili ya chakula ipo na huku kwetu Afrika Mashariki. Yupo mhasibu wa Mwanza asiyegusa sahani ya sato kabla ya kuipiga picha. Yupo muuguzi wa Kisumu anayewaona wodini watoto waliolelewa kwa uji mtupu, na mwalimu wa Tanga ambaye kila likizo hujaza daftari mapishi ya bibi na shangazi zake. Watu hawa hawatafuti kazi ya kuonja migahawa. Wanataka kuandika kuhusu chakula na kukisemea: mbegu, lishe ya watoto, usalama wa unga, bei anayopata mkulima. Mashirika huita kazi hiyo ya kusemea uchechemuzi. Ni kazi ya kweli na ina nafasi, lakini anayetaka kuifanya muda wote aanze na daftari la hesabu kabla ya daftari la mapishi.

Magazeti na majarida ya kanda hii hayajawahi kutenga fungu nono kwa safu za chakula. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa baada ya makala kuchapwa, tena aghalabu baada ya kupiga simu za kukumbushia. Mashirika yasiyo ya kiserikali hulipa vizuri zaidi, ila hulipa kwa mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mitandao ya kijamii hulipa wachache. Anayeacha kazi akitegemea moja tu kati ya hivi atakopa kabla mwaka haujaisha.

Na kwenye kukopa ndipo pa kuanzia, kwa sababu waajiriwa wengi tayari wana deni. Mshahara wa mtu mzima Tanzania huwa na watu wengi mlangoni: benki iliyotoa mkopo wa mshahara, chama cha akiba na mikopo (SACCOS), na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inayokata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika. Siku mwajiri anapoacha kukata, madeni hayafi, yanabadilisha anuani tu. Mkopo wa benki utadaiwa kwa mdaiwa mwenyewe. Ule wa SACCOS utawafuata wadhamini, nao ni wenzake wa meza ya jirani waliosaini fomu kwa roho safi. Hakuna kitu kinachoharibu jina la mtu mjini upesi kama hicho. Basi, mwenye mkopo uliobakiza miaka mitatu asiandike barua ya kuacha kazi mwaka huu. Auvute ufupike, au azungumze na benki mapema, akiwa bado na hati za mshahara za kuonyesha.

Sheria nayo ina mambo yake. Tanzania, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inataja siku hizohizo 28. Mkataba unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usomwe upya. Wengi hujidanganya kwenye malipo ya kuondoka. Kile kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, kinachoishia miaka kumi, sheria ya Tanzania imekiweka kwa anayeachishwa na mwajiri. Aliyeandika barua mwenyewe asikiweke kwenye mahesabu. Fao la kupoteza ajira kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii nalo ni la aliyepoteza kazi, si la aliyeiacha kwa hiari. Kinachobaki ni akiba yake na michango yake, ambayo anaweza kuiendeleza mwenyewe kama mwanachama wa sekta isiyo rasmi.

Bima ya afya isisahauliwe. Kadi ya ofisini hufungwa pamoja na dawati. Kenya, tangu Oktoba 2024, asiye na mshahara huchangia Mamlaka ya Afya ya Jamii asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa cha kaya yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mchango hulipwa kwa mwaka. Mwenye watoto wadogo aulizie kadi mpya kabla ya kuaga.

Halafu kuna familia. Mtu anaweza kuishawishi benki akashindwa kumshawishi mama yake. "Yaani umesomeshwa mpaka chuo kikuu, umeacha benki, unakwenda kuandika habari za kisamvu?" Swali hilo litaulizwa, na litaulizwa mbele za watu, pengine kwenye kikao cha harusi. Jibu la hisia halitoshi. Mama anataka kujua nani atalipa ada ya mdogo wako Januari, na ana haki ya kujua. Mwenye wategemezi akae nao kabla ya kuondoka kazini, aseme wazi kiasi gani kitaendelea kutoka na kwa muda gani. Mwenye ndoa asithubutu kuificha barua. Julia Child, mwandishi wa mapishi wa Marekani aliyeingia chuo cha upishi cha Le Cordon Bleu mjini Paris 1949 na kutoa kitabu chake kikubwa 1961, aliishi miaka hiyo 12 kwa mshahara wa mumewe Paul, mtumishi wa ubalozi. Watu husifu ustahimilivu wake, na alizistahili sifa hizo. Wangemsifu na yule aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba.

Sasa upande wa kazi yenyewe. Kosa kubwa la wanaohama ni kudhani kwamba wanaanza upya. Mtu amekuwa mhasibu miaka kumi, akiacha kazi anajifanya mpishi, wakati wapishi wapo tele na wanampita kwa mbali. Chakula hakina upungufu wa watu wanaojua kukipika na kukisifia. Upungufu ni wa watu wanaojua kusoma bajeti ya lishe, wanaoelewa kwa nini unga huota kuvu, wanaoweza kukaa maktaba wiki nzima wakifuatilia zao moja. Ajira inaachika. Taaluma isiachwe, kwani hiyo ndiyo itakayomtofautisha na mwingine yeyote mwenye simu na sahani.

Mfano mzuri ni Ozoz Sokoh wa Nigeria. Kwa taaluma ni mjiolojia, na aliifanya kazi hiyo katika sekta ya mafuta. Mwaka 2009, akiwa bado kazini, alianza kuandika kuhusu chakula kwa jina la Kitchen Butterfly. Alipozama kwenye chakula hakuitupa tabia ya kuchimba. Mwaka 2020 alianzisha Feast Afrique, maktaba ya kidijitali ya vitabu vya mapishi na historia ya chakula cha Afrika Magharibi na cha vizazi vyake vilivyotawanyika ng'ambo. Kitabu chake, Chop Chop, kilitoka 2025. Hesabu ni ileile: tangu andiko la kwanza mpaka kitabu, miaka 16.

Wapo pia ambao hawakuacha kazi kabisa, na hawa wasidharauliwe. Jessica B. Harris alifundisha Queens College, New York, kwa miongo kadhaa huku akiandika vitabu juu ya chakula cha watu weusi. Kimojawapo, High on the Hog, kilitoka 2011 na kikawa mfululizo wa televisheni 2021. Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta alitumia utafiti wake kuzirudishia heshima mboga kama managu, saga, mchicha na kunde, wakati ambapo wataalamu wengi wa kilimo waliziita magugu. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Mwenzake Patrick Maundu, mtaalamu wa mimea na matumizi yake kwa jamii, aliongoza juhudi za kuandika vyakula vya asili vya Waisukha na Wapokoti. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi hiyo ya Kenya kwenye orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Wote hawa walifanya uchechemuzi mkubwa wakiwa na mshahara mwisho wa mwezi. Anayesoma haya na kugundua kwamba kazi yake ya sasa inampa muda, maabara au jina la kufungulia milango, afikirie mara mbili kama kweli anahitaji kutoka.

Kwa anayetoka, ushauri ni achague jambo moja alijue hadi mizizi. Chukua sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, malori yakakwama mipakani, na baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti. Magazeti yaliandika ugomvi wa nchi na nchi. Makala iliyokosekana ilikuwa ya jikoni na ya ghalani: kwamba sumu hii haiishi kwa kupika, kwa hiyo ugali wa moto si kinga, kwamba kukoboa na kuchambua punje zilizovunjika au kubadilika rangi hupunguza hatari, na kwamba kuvu hupata nafasi pale mahindi yanapoingizwa stoo yakiwa na unyevu.

Unyevu huo una kipimo cha kijijini ambacho mwandishi anaweza kukieleza kwa aya moja. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, halafu iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Yarudi juani, na yaanikwe kwenye turubai, si kwenye udongo. Chumvi isipoganda, kazi bado haijaisha, kwa maana mahindi ya kukaa ghalani muda mrefu yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5 hivi, na hapo kinatakiwa kifaa cha kupimia. Aya kama hiyo, ikisomwa redioni Kongwa au Kitui wakati wa mavuno, inafanya kazi kuliko kongamano la hotelini. Kuiandika sawasawa kunataka mtu aliyeshika hiyo chupa, akaongea na mwenye ghala, akamuuliza ofisa ugani maswali ya kijinga bila aibu.

Hapo ndipo mwandishi wa chakula anapoanza kuitwa kwenye mikutano, na hapo pia ndipo simu za kampuni zinapoanza. Kampuni ya unga itataka jina lake litajwe. Ya vidonge vya kuongeza ladha kwenye mchuzi itatuma katoni na bahasha. Wakati kodi ya nyumba imekaribia, bahasha ina sauti kubwa. Lakini aliyepokea hela ya vidonge hivyo vilivyojaa chumvi ataandikaje kesho kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku? Marion Nestle, mwanabiolojia aliyegeuka kuwa mkosoaji mkubwa wa siasa za chakula Marekani, aliandika kitabu kizima 2018 kuonyesha jinsi fedha za kampuni za vyakula zinavyopinda utafiti wa lishe. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba kikundi cha wanasayansi kilichokuwa kikisisitiza mazoezi kuliko kupunguza ulaji kilifadhiliwa na Coca-Cola, na kabla mwaka haujaisha kikavunjwa. Walikuwa maprofesa wenye mishahara. Mwandishi asiye na mshahara ni rahisi zaidi kumpata.

Dawa yake ni kuweka sharti kwa maandishi kabla simu ya kwanza haijaingia: kampuni zipi atapokea kazi zao, zipi hapana, na kwamba kila lililolipiwa litatajwa kuwa tangazo. Wapo watakaosema kwa hali zetu huo ni uungwana wa kitajiri. Si kweli. Mwandishi wa chakula hana kingine cha kuuza zaidi ya kuaminiwa. Mengine hata si hiari: Kenya, kwa sheria ya 2012, kutangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga ni kosa, awe amelipwa fedha au amepewa kopo la bure.

Ndiyo maana fedha ya kuishi inapaswa kutoka mahali ambapo mwandishi hatapaandika. Mhasibu afunge vitabu vya maduka mawili au matatu kila mwezi. Muuguzi achukue zamu za muda kwenye kliniki. Mwalimu afundishe masomo ya ziada. Wengine huuza chakula chenyewe: Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu aliyepita Kenya kama mkimbizi akiwa mtoto na baadaye kuwa mwanamitindo Marekani, alianza na kampuni ya sosi za Kisomali, Basbaas, ndipo 2020 akatoa In Bibi's Kitchen, kitabu cha mapishi na simulizi za akina bibi wa nchi nane za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, Kenya, Tanzania na Komoro zikiwemo. Bibi hao walitajwa kwa majina na picha zao zikawekwa. Anayekusanya mapishi ya watu afuate mfano huo: aombe ruhusa, amtaje aliyempa, na kikipatikana kipato asijifanye amesahau njia ya kurudi kwao.

Jina kubwa lenyewe si kinga. Mark Bittman aliandika The New York Times kwa miaka mingi, akawa miongoni mwa sauti zinazosikika sana kuhusu chakula Marekani, kisha 2015 akaondoka kujiunga na kampuni changa ya kupeleka vyakula vya mimea majumbani. Hakumaliza mwaka. Alirudi kwenye uandishi, na alikuwa na pa kurudia. Asiye na pa kurudia aombe kwanza likizo bila malipo kama mwajiri anairuhusu, au ajijaribu kwa miezi sita ya kuandika usiku na Jumamosi, kila wiki bila kukosa. Atakayeona uzito kukaa mezani Jumamosi ya tatu ameokoa kazi yake.

Lipo na la vibali. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka hata wenye blogu kukata leseni, na ada za mwanzo zilipita shilingi milioni 2. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo aulizie Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kinachotakiwa leo, asitegemee maneno ya vijiweni. Kenya, tangu 2023, malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Hayo ni mambo ya siku mbili tatu za makaratasi, yakamilishwe na yasahaulike.

Turudi kwa yule mhasibu wa Mwanza, maana ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Kwa mujibu wa utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Chini ya mikataba ya lishe, halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo kwa ajili ya shughuli za lishe. Waandishi wengi wataishia kwenye neno kutenga. Mhasibu anajua kwamba kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine, na kwamba fedha iliyotolewa Juni, mwaka wa fedha ukiwa unafungwa, haijanunua mengi. Anajua safu ipi ya jedwali aitazame. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Ya Kenya, ya mwaka huohuo, inasema siku 21.

Aanze na barua hiyo kwa mkurugenzi wa halmashauri yake, akiuliza kiasi kilichotengwa, kilichotolewa, tarehe na matumizi. Inatosha ukurasa mmoja. Ataiandika Jumamosi na kuipeleka masijala wakati wa chakula cha mchana, aombe nakala yake igongwe muhuri. Barua ya kuacha kazi isubiri majibu ya hiyo.